Mteremko wa nyumbani kwetu Goba, na maji tuliyoyaacha miaka sita

Mama yangu alihamia kwetu Goba, Dar es Salaam, mwezi wa pili mwaka 2023, miezi minne tangu apate kiharusi. Mkono ulikuwa umerudi, mguu wa kushoto ulikuwa bado unaburuta. Siku ya kliniki yake ya kwanza niliita bajaji. Dereva alifika getini, akachungulia juu kwenye nyumba, akazima injini.

"Dada, hapo sipandi. Kilima kama hicho tairi la mbele linanyanyuka."

Alikuwa anasema kweli. Uzito wa bajaji uko nyuma, na ukiipandisha mlima mkali ikiwa na abiria, usukani unaweza kubaki hewani. Basi tukamshusha mama kwa miguu, mimi nikiwa nimemshika kwapani na dada wa nyumbani akiwa mbele yake anarudi kinyumenyume. Ni mita 11 na nusu tu kutoka barazani hadi getini. Tulitumia robo saa. Katikati, pale palipokarabatiwa, kokoto ziliteleza chini ya mguu wake mbovu akakaa kitako. Hakuumia. Alibaki amekaa pale, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, hii njia yenu inanikataa."

Maneno hayo yalinikaa rohoni kuliko kiraka chochote nilichowahi kukilipia. Ninaandika kwa ajili ya wenzangu tuliojenga kwenye vilima hivi vya Goba, Salasala, Kimara, Mbezi, na kwa ndugu zangu wa Mwanza wanaopanda majabali kila siku. Kabla hujamwita fundi akumwagie zege jipya kwenye njia ya gari, nisikilize yaliyonipata.

Nyumba tuliimaliza mwaka 2017. Kiwanja kiko juu ya barabara ya mtaa kwa mita 2.8, na njia ya gari ilichorwa moja kwa moja kutoka getini hadi barazani kwa sababu ndivyo jicho lilivyoona. Pesa zilikuwa zimeisha, kama zinavyoisha kwa kila mjenzi. Fundi aliyetujengea alikuwa na kifusi kingi kilichobaki kwenye msingi, akakimwaga sehemu ya chini ili kuupunguza mlima, vibarua wakakikanyaga kwa miguu na kumwagia maji, kisha juu yake wakalaza jamvi la zege la inchi 3. Ili lipendeze akapiga niru, yaani saruji tupu iliyolainishwa juu. Liling'aa kweli. Wageni walisifia.

Niru ni nzuri sebuleni. Kwenye mlima ni hatari, na mvua ya kwanza ya vuli ilituonyesha. Gari lilikuwa linapanda hadi nusu, matairi yanazunguka pale pale, kisha linarudi nyuma lenyewe huku umekanyaga breki. Mume wangu alilipa kijana akaigongagonga niru yote kwa patasi ili iwe na mikwaruzo. Huo ndio ulikuwa ukarabati wa kwanza, na kwa kweli ndio uliosaidia kuliko miwili iliyofuata.

Mwaka 2019 ilitokea nyufa ya kwanza, imekata njia kutoka upande hadi upande, mita 4 juu ya geti. Mwaka uliofuata ilikuwa inaingiza kidole. Fundi wa pili akaipanua, akaijaza zege, akatutoza shilingi laki 3 na nusu. Masika ilipopita, kile kiraka kilikuwa kimekaa chini ya wenzake kwa kina cha kidole gumba. Mwaka 2022 fundi wa tatu akatushauri tuachane na zege, tuweke pevingi, yaani vitofali vya kutandika. Alivunja nusu ya chini, akatandaza mchanga, akapanga vitofali vizuri sana, kazi safi kwa macho. Milioni 1 na laki 4.

Nataka niitetee pevingi hapa, kwa sababu watu wengi wakiniona huniuliza kama haifai mlimani. Inafaa, ila ina masharti. Vitofali vinashikana kwa kusukumana. Kwenye mteremko vyote vinasukuma kwenda chini, kwa hiyo safu ya mwisho chini kabisa lazima iegemee kitu kisichosogea: boriti ya zege iliyozama ardhini. Pembeni nako lazima kuwe na kabistoni, mawe ya ukingo, zilizoshikwa kwa zege. Unaanza kupanga kutoka chini ukipanda, na unapanga kwa mtindo wa mifupa ya samaki ili kila kitofali kimzuie mwenzake, na kwa njia ya gari yenye mlima ni bora vya unene wa milimita 80 kuliko vya 60. Kwetu hapakuwa na boriti wala kabistoni. Vilianzia juu. Baada ya masika mbili, safu za juu zilikuwa zimeachana kama meno ya mtoto wa miaka saba, na zile za chini zimebanana hadi nyingine zinainuka. Mchanga wa chini ulikuwa umeondoka na maji. Pale mama alipokaa kitako ndipo pevingi ilipokutana na jamvi la zamani.

Halafu ikaja vuli ya 2023. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatangaza mapema kwamba ni msimu wa El Nino, na tuliona wenyewe. Usiku mmoja wa Novemba tulisikia mlio kama mtu ameangusha kabati. Asubuhi tukakuta kipande cha jamvi, upana kama mlango, kimevunjika na kuzama, na matope mekundu yamefunika barabara ya mtaa hadi ng'ambo.

Nililala kifudifudi kwenye zege nikaingiza mkono kwenye pengo. Uliingia hadi begani. Nikapapasa kushoto, hakuna kitu. Nikapapasa juu, nikagusa tumbo la jamvi, limelowa, lina kokoto zilizochomoza. Tulikuwa tunaendesha gari juu ya daraja, na hatukujua. Watoto wangu walikuwa wanacheza baiskeli pale kila jioni. Nilitoa mkono nikakaa, moyo unanienda mbio, nikawaza siku ambayo mama alikuwa amekaa sehemu ile ile.

Tangu siku hiyo hatukupandisha gari tena. Tuliliegesha kwa jirani wa ng'ambo, tukasubiri masika ya 2024 ipite, kwa sababu hakuna fundi mwenye akili atakayefukua mlima mvua ikinyesha. Lakini tuliitumia subira hiyo vizuri, nami naihesabu kama shule. Kila mvua ilipokuja mchana nilitoka na mwavuli na viatu vya plastiki, nikasimama kutazama. Miaka yote sita sikuwahi kufanya hivyo. Mvua ikija watu wa Dar tunafunga madirisha. Nilichokiona ni kwamba juu ya zege maji yalikuwa machache tu, yanateleza na kwenda zake. Maji mengi yalikuwa hayaonekani kabisa, na hilo ndilo lililonisumbua. Yanakwenda wapi?

Jibu lilikuja Juni, na mzee mmoja fundi, mwenyeji wa Lushoto, aliyeletwa na mfanyakazi mwenzangu. Nilimwamkia, nikampeleka kwenye shimo, nikamwomba bei. Hakutaja bei. Aliomba ndoo.

"Mama, bei ya zege naijua hata nikiwa usingizini. Maji ya hapa ndiyo siyajui bado."

Alimwaga ndoo ya kwanza katikati ya njia. Maji yakashuka juu ya zege hadi barabarani, hayakuwa na neno. Akazunguka pembeni ya baraza, pale bomba la kushusha maji ya gata linapoishia, akamwaga nyingine. Maji yakasimama kidogo, yakazunguka kama yanatafuta kitu, kisha yakazama ukingoni mwa jamvi mbele ya macho yetu. Akamwaga ya tatu, ya nne, hadi ya kumi. Kisha akaniambia nishuke getini nikasubiri. Baada ya dakika kadhaa, kwenye mwanya chini ya kipande cha mwisho cha zege, kulitokea unyevu, halafu kijito chembamba. Yaliingia juu yakiwa masafi, yalitoka chini yakiwa mekundu kama chai ya rangi. Kila ndoo ilikuwa inaondoka na udongo wetu.

Paa letu ni mita za mraba 180. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 50, ambayo hapa Dar si ajabu kwenye masika, inashusha lita 9,000 kwenye gata zetu. Tulikuwa na tenki la lita 2,000 upande mmoja wa nyumba, nalo likijaa lilifurika pale pale ukutani. Upande wa pili bomba lilimwaga chini tu, sentimita 30 kutoka kwenye ukingo wa njia ya gari. Dar hupata kama milimita 1,100 kwa mwaka. Piga hesabu ya miaka sita. Tuliyachukua maji ya paa zima, tukayaelekeza kwenye mlango mmoja, na mlango huo ulikuwa chini ya jamvi. Nilikuwa nimewalaumu mafundi watatu. Fundi wa kwanza ana lawama yake kwa kile kifusi, lakini hata zege la kiwanja cha ndege lisingedumu kwa mtindo ule.

Mzee yule alikuwa na namna yake ya kuutazama mlima. Kwao Usambara watu wanalima kwenye miteremko ambayo sisi tungeogopa kuisimamia, na alinieleza jinsi wazee wao walivyolazimishwa matuta na serikali ya Waingereza miaka ya 1940 na 1950, wakayachukia na kuyakataa kwa sababu ya ile lazima, na jinsi makinga maji na majani ya guatemala yalivyokuja kukubalika baadaye watu walipoona wenyewe faida yake. Kwake yeye njia yangu ya gari ilikuwa shamba la mlimani lililofunikwa zege. Unazuia maji juu, unayapeleka pembeni, unayashusha polepole. Ndipo unafikiria gari litapita wapi.

Kazi ilianza wiki ya kwanza ya Julai, kipupwe, ardhi kavu. Tulipovunja nilitaka kuona kila kitu. Chini ya jamvi kulikuwa na kifusi cha zaidi ya mita moja kwa kina upande wa geti, na ndani yake mifuko ya saruji, makumbi ya nazi, vipande vya mbao, visiki vilivyooza vikaacha mashimo, hata kiatu. Kifusi cha namna hiyo hakishindiliki. Kilitolewa chote, malori mawili. Udongo mzuri uliorudishwa, moramu iliyochanganyika na kokoto ndogo, ulitandazwa kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka likinyunyiziwa maji kidogo na kupitiwa na mashine ya kushindilia tuliyoikodi kwa siku. Vijana walitaka kutandaza tabaka nene ili wamalize mapema. Mzee alikuwa na kipande cha nondo chenye alama. Alikichoma kwenye udongo, akikuta umezidi anaamuru upunguzwe. Hakupandisha sauti hata mara moja.

Kabla ya hapo, tulipima mlima. Sikuwahi kuona kazi hii ikifanywa kwa njia ya gari. Alitumia mpira mwembamba wa maji unaopitisha mwanga, mimi nikashika ncha moja barazani, yeye ncha nyingine getini kwenye ubao mrefu, maji ndani ya mpira yakatulia, akaweka alama. Mita 2.8. Kwa njia ya zamani ya mita 11.5, hiyo ni asilimia 24, yaani kila mita moja unayokwenda mbele unapanda sentimita 24. Huwezi kuushusha mlima, lakini unaweza kuirefusha njia. Alipendekeza tuipinde: ianzie getini, ifuate ukuta wa fensi upande wa kushoto, kisha irudi barazani. Njia ikawa mita 16. Tulipoteza bustani ya maua na mpapai mmoja, na sikusita.

Kwenye mita 2 za kwanza na mita 2 za mwisho mlima ulilegezwa hadi kama asilimia 9, na katikati ukabaki asilimia 20. Kulegeza kule juu na chini watu wengi hawakujui. Gari halikwami kwa ukali wa mlima peke yake, linakwama pale mlima unapokatika ghafla: kule juu tumbo linakaa kwenye kona, kule chini bampa inagonga barabara. Gari letu lilikuwa na alama za kukwaruzwa tumboni miaka yote hiyo.

Upande wa fensi ilibidi tukate ardhi, hivyo tukajenga ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, na kila mita moja na nusu likapitishwa bomba la inchi 2 ili maji yaliyo nyuma yapate pa kutokea. Nyuma ya mawe zikajazwa kokoto. Ukuta usio na matundu kwenye mlima unasukumwa na maji usiku na mchana, na siku moja unalala.

Juu kabisa, mbele ya baraza, ukachimbwa mfereji unaokata njia nzima, umefunikwa grili ya nondo nene ambayo inainuliwa kwa mkono. Huo ndio mkinga maji wetu. Unapokea maji ya uwanja wote wa juu na kuyapeleka kwenye mtaro wa pembeni. Mtaro huo hauteremki kama bomba. Una ngazi, kila mita moja na kitu maji yanaanguka kidogo, yanatua, yanaendelea. Maji yakipoteza kasi yanakuwa mpole. Maji ya gata tukayafungia mabomba moja kwa moja, upande mmoja kwenye tenki jipya la lita 5,000, na mafuriko ya tenki nayo yana bomba lake hadi mtaroni. Hakuna tone la paa linaloruhusiwa kugusa udongo wa pembeni mwa njia.

Siku ya kumwaga zege nilichukua ruhusa kazini. Njia yenyewe ni upana wa mita 3.2 na unene wa inchi 5, na chini yake kuna meno matatu: boriti za zege zilizozama sentimita 40 ardhini, moja getini, moja katikati, moja juu. Kazi ya meno hayo ni kulizuia zege lisiteleze mzima mzima kwenda barabarani. Nondo za milimita 8 zilifungwa matundu ya sentimita 20, zikainuliwa kwa vipande vidogo vya zege ili zisilale chini. Mifuko 60 ya saruji ilikwisha, mchanganyiko wa 1 kwa 2 kwa 3, yaani saruji, mchanga na kokoto.

Vita kubwa ya siku hiyo ilikuwa maji ya kuchanganyia. Vijana wa mikisa, mashine ya kuchanganyia zege, wanapenda zege jepesi kama uji kwa sababu linamwagika lenyewe na mgongo haumi. Lakini uji hausimami mlimani, unashuka na kujaa chini, na hata ukisimama unakuwa dhaifu. Mzee aliweka ndoo moja tu ya lita 20 kwenye mikisa kwa kila mfuko, na kikopo cha kuongezea alikishika yeye. Zege lilitoka zito, linabaki kwenye koleo. Walianza getini wakapanda, kipande kwa kipande cha mita 3, wakiruka kimoja na kurudi kesho yake kujaza kilichorukwa. Kati ya vipande uliachwa mwanya wa kujazwa lami, ili zege likitanuka kwa jua la Januari lisijipasue.

Nimewahi kuona mafundi wengi wakilainisha zege. Sijawahi kuona mtu akilichakaza kwa makini kama yule mzee. Alilisawazisha kwa ubao, akaliacha. Akawa anapita, anagusa kwa kidole, anaondoka. Anarudi, anagusa. Mara ya nne au ya tano alama ya kidole ilibaki lakini maji hayakupanda juu. Hapo alichukua ufagio mpya wa chelewa, akaupiga mara mbili kwenye magoti yake kutoa vumbi, akasimama upande mmoja kwenye ubao na kuuvuta kutoka ukingo hadi ukingo, kukatisha mlima, mkono mmoja, bila kusimama njiani. Nyuma ya ufagio ilibaki mistari myembamba mamia kwa mamia, kina kama ukucha. Akaukung'uta ufagio kwenye ndoo ya maji, akasogea, akavuta tena. Mistari hiyo ndiyo inayoshika tairi. Ingevutwa kufuata mlima, ingekuwa mifereji ya maji na tairi lisingepata pa kung'ata.

Kisha magunia. Kwenye sakafu ya kawaida unaweza kutengeneza ukingo ukatuamisha maji, mlimani hayatuami. Tulifunika njia yote kwa magunia ya katani tuliyoyanunua sokoni, tukayalowesha asubuhi, mchana na jioni kwa siku 7, na baada ya hapo mara mbili kwa siku kwa wiki nyingine. Maji ya bomba yalikatika siku ya tatu nikanunua boza la maji. Mume wangu aliona ni gharama ya bure, nami nilishikilia. Zege haligandi kwa kukauka, linaganda kwa kunywa maji, na la mlimani likikaushwa na upepo wa Julai linachanika juu kabla halijapata nguvu. Gari tuliliacha kwa jirani siku 28 kamili.

Sasa mama. Nilikuwa na ndoto ya kumtengenezea mteremko wa kiti cha magurudumu, nikapiga hesabu. Kwa kipimo cha 1 kwa 12 kinachopendekezwa sana, yaani kupanda mita moja kwa kila mita 12 za njia, mita 2.8 zinahitaji njia ya mita 33.6, na kiwanja chetu hakina nafasi hiyo. Yeye mwenyewe alikataa kiti. Alitaka kutembea. Basi ile njia ya zamani iliyonyooka tukaigeuza ngazi zake: vipandio 20 vya sentimita 14, vipana, na mapumziko matatu, moja lina benchi la zege. Mkono wake wenye nguvu ni wa kulia, na kulia kwa kushuka ni kushoto kwa kupanda, kwa hiyo vishikio vya bomba viko pande zote mbili. Huwa anapumzika kwenye lile benchi hata asipokuwa na safari.

Kuna jambo lingine ambalo nilitakiwa kulifanya mapema zaidi. Jirani yetu wa chini alikuja mwaka 2019, kwa heshima zote, akasema maji yanatoka kwetu na kuchimba mguu wa ukuta wake. Nilimjibu kuwa ni maji ya barabara. Niliamini hivyo. Siku ile ya ndoo za mzee, baada ya kuona kijito chekundu kikivuka barabara na kwenda moja kwa moja ukutani kwake, nilivaa kanga yangu nikaenda kumwomba radhi. Alinikaribisha chai. Tulikaa na mjumbe wetu tukakubaliana maji ya mtaro wetu yaishie wapi: yanaingia kwanza kwenye shimo la kunyonya lililojaa mawe, mbali na msingi na mbali na karo la choo, na yanayozidi yanapita kwenye bomba chini ya barabara hadi mtaro mkubwa wa mtaa. Bomba hilo tuligharimia pamoja, ingawa sikumtaka achangie. Ukuta wake niliutengeneza mimi.

Kwa jumla, milioni 7 na laki 4, pamoja na ukuta wa mawe, ngazi za mama na tenki. Ni pesa nyingi, tuliuza kiwanja kidogo cha Bagamoyo kupata sehemu yake. Sehemu kubwa ilikwenda ardhini ambako haionekani, na ukipita nje utaona zege la kawaida lisilong'aa.

Mvua ya kwanza ya vuli ilikuja Oktoba, saa kumi alasiri. Nilitoka na mwavuli kama nilivyozoea. Mama alikuwa barazani tayari, amevuta kiti hadi ukingoni. Maji yaliingia kwenye grili, yakapotea, kisha tukaanza kuyasikia yakishuka kwenye ngazi za mtaro, kila moja na sauti yake. Nilishuka hadi getini kuangalia rangi. Yalikuwa masafi. Wiki iliyofuata dereva wa bajaji alifika, sijui kama ni yule yule, akasita, akapanda taratibu kwenye ile kona, akageuza mbele ya baraza. Mama alishika ngazi hata hivyo.

Kazi haijaisha. Grili ninaiinua kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi na kutoa majani ya mwembe wa jirani. Lami kwenye myanya miwili ya juu imeshaanza kuachia, nitaijazia kabla ya masika. Pembeni mwa mtaro nimepanda vetiva, majani ya kushika udongo, ambazo mzee alinielekeza, zimeshika vizuri isipokuwa pale kivulini. Na kwenye kipande cha tatu kutoka getini kuna ufa mwembamba kama unywele, urefu wa shibiri moja. Nimeuwekea alama ya penseli mwanzoni na mwishoni, nikaandika tarehe. Tangu Desemba haujavuka alama.